Wati 250 au 275? Kuisoma Transfoma ya Zamani

Wapenzi wa vitabu hatushangai nakala mbili za chapa moja zikitofautiana. Tunageuza jalada, tunatafuta mwaka, tunalinganisha. Hebu tufanye hivyo kwa kifaa cha umeme: transfoma ya treni za kuchezea za Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1900.

Treni za mwanzo ziliendeshwa kwa betri. Umeme ulipoingia majumbani Marekani, ikabidi volti zaidi ya mia zishushwe hadi takriban 20 ambazo mtoto angeweza kuchezea. Kazi hiyo ndiyo ya transfoma.

Kabla ya Vita vya Pili kulikuwa na aina ya Z, yenye wati 250 na vitufe vinne vya kuzungusha. Haikuwa na swichi ya honi. Hiyo ilinunuliwa kando. Mwaka 1948 ikaja ZW, na herufi W inatueleza kilichoongezeka: honi. Pembeni zikawekwa mikono miwili mikubwa, treni mbili zikaendeshwa na mtu mmoja.

Sasa basi, ZW zote zinafanana kwa mbali. Soma kibati chake. Za 1948 na 1949 zimeandikwa wati 250. Kuanzia 1950 ni 275. Nyingine za baadaye zina herufi R baada ya ZW. Na wati hizo ni za umeme unaoingia, si unaofika relini. Wauzaji wengi hawalisemi hilo.

Lakini kibati si ushahidi kamili. Kifuniko huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, kama jalada zuri lililobandikwa kwenye kitabu kingine. Fungua ndani, baada ya kuchomoa waya ukutani. Kidude cha kugeuza umeme wa honi kikiwa ni dayodi ya kisasa, fundi ameshapita. Waya wa asili ukiwa umepasuka mpira, usiuchomeke kabisa.

Kuna hatari isiyoonekana pia. Swichi ya usalama iko kwenye njia ya pamoja tu. Njia mbili zenye volti tofauti zikigusana, umeme mkali huzunguka bila kuipitia, na koili inaweza kuungua.

Ndiyo maana kutambua toleo si ushabiki wa wakusanyaji peke yao. Kifaa hiki kilitengenezwa hadi 1966, na kingali kinachomekwa ukutani, mtoto akiwa amekaa kando yake.