Safari za Mzabibu

Miti ina safari zake kama wanadamu walivyo na zao. Mkarafuu uliletwa Unguja kutoka mbali, na muhogo, ulio chakula cha watu wengi katika nchi zetu, ulivuka bahari kutoka Amerika. Lakini ni nadra mti kuvuka bahari ukaleta maangamizi, kisha ukavuka tena ukaleta uponyaji. Mzabibu ulifanya yote mawili katika muda usiozidi miaka thelathini. Mwalimu hasifu kileo mbele ya wanafunzi wake, wala mimi sisifu; nasimulia habari za mti, na za watu ambao mkate wao ulitegemea mti huo.

Mwaka 1787 balozi wa Marekani nchini Ufaransa alikuwa Thomas Jefferson, yule aliyeandika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, na ambaye baadaye alikuwa rais wa tatu wa nchi yake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeumia, na matabibu wakamshauri akaoge katika maji ya Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Alitoka Paris tarehe 28 Februari, akarudi tarehe 10 Juni. Maji yale hayakumfaa kitu. Hata hivyo hakujuta, kwa sababu njia aliyoichagua ilipita katika mashamba mashuhuri ya mizabibu, na kila alipofika aliuliza, akaonja, akapima, akaandika.

Hakusafiri kama balozi wa kupokewa kwa heshima. Alipanda gari la farasi, akaingia katika nyumba za wakulima, akatazama ndani ya vyungu vyao na kula mkate wao. Huko Burgundy aliona jambo lililomshangaza. Katika vijiji vya Pommard na Volnay vibarua walikula mkate mzuri wa ngano. Katika kijiji jirani cha Meursault walikula mkate wa rai, nafaka iliyo duni kuliko ngano. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba ardhi ya Meursault ina mawe mengi, haifai kwa divai nyekundu, basi wenyeji wake hutengeneza nyeupe tu; na divai nyeupe huharibika mara nyingi zaidi, ikakaa ghalani bila mnunuzi. Mwenye shamba asiyeuza hawezi kuwalisha vizuri vibarua wake. Jefferson aliandika kwa huzuni jinsi hali ya binadamu inavyoning'inia juu ya mambo madogo kama hayo.

Maneno yale ni mema, lakini tusimwache aende zake bila kumwuliza swali. Mtu huyu aliyehurumia kibarua wa Meursault kwa sababu ya mkate, alimiliki katika maisha yake watumwa zaidi ya 600. Mmoja wao, James Hemings, alikuwa Paris wakati uo huo, akijifunza upishi wa Kifaransa ili ampikie bwana wake, na hakupewa uhuru wake mpaka mwaka 1796. Mizabibu aliyoiota Jefferson ingelimwa kwa mikono ya watu wa namna hiyo.

Alipofika Bordeaux, mwezi wa Mei, aliandika majina ya mashamba manne aliyoyaweka katika daraja ya kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Mwaka 1855, divai za Bordeaux zilipopangwa rasmi kwa madaraja, mashamba yaliyotajwa kuwa ya kwanza yalikuwa hayo hayo manne. Jefferson hakuwa amebuni sifa hiyo, maana wafanya biashara wa mji ule waliijua. Alilojua yeye ni kuuliza.

Nia yake ilikuwa kuona divai kama ile ikitengenezwa Virginia, kwao. Tangu mwaka 1773 Mwitalia mmoja, Filippo Mazzei, alikuwa amejaribu huko, karibu na nyumba ya Jefferson iitwayo Monticello. Mwaka 1807 Jefferson mwenyewe alipanda miche 287 ya mizabibu ya Ulaya, ya aina 24. Yote haikumpa divai. Mizabibu ya mwituni ilistawi pande zote za shamba, ikapanda juu ya miti bila kutunzwa. Ile ya ugenini ilidhoofika. Yeye hakupata kuijua sababu, akafa mwaka 1826.

Sababu ilijulikana baada ya msiba kuwafikia Wafaransa. Kuanzia mwaka 1863 hivi, mizabibu ya bonde la Rhône ilianza kukauka. Majani yaligeuka manjano, matunda yakanyauka, na ugonjwa ukaenea shamba hata shamba kama doa la mafuta juu ya nguo. Mwezi wa Julai mwaka 1868, Jules-Émile Planchon, bingwa wa mimea wa Montpellier, alikwenda na wenzake wawili kuchunguza. Waling'oa mizabibu iliyokwisha kufa, wasione kitu katika mizizi yake. Kisha wakang'oa iliyokuwa bado hai, na kwa kioo cha kukuzia wakaona vidudu vya manjano, vidogo mno, vimejaa juu ya mizizi vikifyonza. Mwuaji alikuwa amekwisha kuiacha maiti na kuhamia kwa jirani! Mdudu huyo aliitwa filoksera, na kwao ni Amerika. Yamkini alisafiri pamoja na miche iliyoagizwa kutoka huko. Zamani safari ndefu ya tanga ilimwua njiani. Meli za moshi zilimfikisha hai.

Katika mwaka 1875 Ufaransa ilitengeneza divai zaidi ya hektolita milioni 80, na hektolita moja ni lita mia. Kufikia mwaka 1889 ilikuwa kama milioni 23 tu. Serikali iliahidi faranga 300,000 kwa atakayeleta dawa. Watu walijaribu kila kitu. Matajiri walitia ardhini dawa kali ya sumu, na wenye mashamba ya tambarare waliyafurikisha kwa maji. Mkulima mdogo wa mlimani hakuwa na fedha wala mto. Wengi walihama, na baadhi yao wakavuka kwenda Algeria, ambayo Ufaransa ilikuwa imeivamia tangu mwaka 1830. Huko mizabibu ilienea katika ardhi iliyonyang'anywa Waislamu ambao dini yao inawakataza divai. Sisi tuliosoma habari za mashamba ya walowezi katika nchi yetu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 1873 Planchon alifunga safari ya kwenda Amerika. Mwenyeji wake alikuwa Charles Valentine Riley, bingwa wa wadudu wa jimbo la Missouri. Planchon alizunguka katika mashamba, akachimbua mizizi, na divai za huko akazionja. Nyingi zilikuwa na harufu ambayo watu waliifananisha na ya mbweha, isiyopendwa na Wafaransa. Lakini katika mizizi aliona alichokitafuta: mdudu yule yule yupo, na mti unaishi. Mzabibu wa Amerika umeishi naye tangu kale, na anapoujeruhi huotesha gome juu ya jeraha.

Ikawa njia ni kuunganisha: mizizi ya Amerika chini, kichwa cha Ufaransa juu. Mizizi hupambana na mdudu, na kichwa huzaa zabibu kwa ladha yake ya zamani. Wapo walioona ni aibu kuchanganya hivyo, wakabisha kwa miaka. Tena, mizizi ya kwanza kuletwa ilikufa katika udongo wa chokaa wa Charente. Mwaka 1887 Pierre Viala alitumwa kutafuta mizizi inayostahimili chokaa, na huko Texas, kwa msaada wa mkulima T. V. Munson wa mji wa Denison, akaipata. Mwaka uliofuata Ufaransa ilimtunukia Munson nishani.

Leo mizabibu mingi ya Ulaya imesimama juu ya mizizi ya asili ya Amerika. Na huko Monticello, mwaka 1985, watunzaji wa nyumba ya Jefferson walianza kulipanda upya shamba lake, kwa mizabibu ya Ulaya iliyounganishwa juu ya mizizi ile ile iliyokuwa ikiota mwituni alipokuwa hai.