Tiba ya muziki kwa watoto wenye usonji

Tiba ya muziki kwa watoto wenye usonji ni matumizi ya uimbaji, ala na midundo, yakiongozwa na mtu aliyefunzwa, ili kumsaidia mtoto kuwasiliana na wengine, na hasa kuanza au kuendeleza usemi. Si somo la muziki wala burudani: kinachoangaliwa si uzuri wa sauti ya mtoto, bali namna anavyoitikia, anavyosubiri zamu yake na anavyotamka. Haiponyi usonji, ambao si ugonjwa bali ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayodumu maisha yote.

Usonji na usemi

Usonji ulielezwa na daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, mwaka 1943, katika makala kuhusu watoto 11. Watatu kati yao hawakusema kabisa. Miongoni mwa waliosema, wengi walirudia maneno ya watu wengine kama mwangwi. Kanner alitaja pia mtoto ambaye, kwa maelezo ya mama yake, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu aliweza kutofautisha simfoni 18.

Inakadiriwa kwamba kati ya robo na theluthi ya watoto wenye usonji hawapati usemi wa kutosha kwa mahitaji ya kila siku. Kutosema si sawa na kutoelewa. Wengi wao huvutiwa na muziki, na wapo wanaoimba maneno wasiyoweza kuyatamka katika mazungumzo.

Historia

Mwaka 1959 Paul Nordoff, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, na Clive Robbins, mwalimu wa elimu maalumu kutoka Uingereza, walianza kufanya kazi pamoja na watoto wenye ulemavu nchini Uingereza. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Boston walitumia kiimbo kuwafundisha upya kusema watu wazima waliopoteza usemi kwa kiharusi lakini waliweza bado kuimba. Kutokana na wazo hilo, mwaka 2011 Catherine Wan na Gottfried Schlaug pamoja na wenzao walichapisha jaribio kwa watoto 6 wasiosema: kila neno liliimbwa kwa noti mbili huku mtoto akipiga ngoma za umeme zilizolinganishwa na noti hizo. Baada ya vipindi 40 watoto wote walionyesha maendeleo katika kutamka.

Namna inavyofanyika

Mfano ni neno «maji». Mtaalamu huonyesha kikombe, huimba silabi ya kwanza kwa noti ya juu na ya pili kwa noti ya chini, akipiga ngoma mara moja kwa kila silabi. Kisha huimba pamoja na mtoto. Baadaye huimba «ma...» na kunyamaza, akimwachia mtoto nafasi ya kumalizia. Mtoto akijibu, hata kwa sauti isiyo kamili, hupewa maji mara moja ili aone kwamba sauti yake imeleta kitu. Mwishoni wimbo hupunguzwa hadi neno libaki katika usemi wa kawaida.

Kiswahili kinafaa kwa mbinu hii, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu na mkazo huwa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lugha za Kichaga ni tofauti: hutumia toni, hivyo wimbo usiofuata toni ya neno unaweza kulifanya lisieleweke. Kwa mtoto wa Marangu au Machame anayesikia lugha zote mbili nyumbani, ni vema kuchagua maneno ambayo familia inayatumia kweli.

Ushahidi

Utafiti uliofanyika katika nchi 9 kwa watoto 364 wenye umri wa miaka 4 hadi 7, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa ya dalili za kijamii kati ya waliopata tiba ya muziki na wasioipata. Mapitio ya mwaka 2022 yaliyojumlisha tafiti 26 na washiriki 1,165 yaliona kwamba huenda tiba hii huboresha hali kwa jumla na ubora wa maisha, lakini hayakupata uthibitisho ulio wazi kuhusu usemi wenyewe. Kwa hiyo hutumiwa pamoja na huduma nyingine, si badala yake.

Moshi na Kilimanjaro

Hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa kanda ya kaskazini, na hapo hufundishwa pia tiba kazi. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika chuo cha Patandi, mkoani Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya watoto hao kupata elimu na huduma za afya.

Kwa familia zinazokaa mlimani, kushuka mjini kila wiki ni nauli na siku nzima ya kazi. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mazoezi hufaa kufanywa na wazazi, bibi na ndugu, dakika chache kila siku wakati wa kula au kuoga. Ngoma ndogo, kayamba au makofi yanatosha.

Tahadhari

Mtoto anayechelewa kusema apimwe kwanza uwezo wa kusikia. Kauli kwamba «atasema tu akikua» inaweza kupoteza miaka ambayo msaada una faida zaidi. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na sauti kubwa. Mtoto anayeziba masikio asilazimishwe kukaa karibu na spika. Picha na ishara za mikono ziendelee kutumika, kwa sababu hazizuii usemi na humpa mtoto njia ya kueleza njaa, maumivu au hofu hata kama hatasema kamwe.

Tazama pia

Usonji
Elimu maalumu
Siku ya Usonji Duniani (2 Aprili)