John Bidwell: Mkulima, Mbunge na Mfadhili wa Chuo cha Walimu cha Chico

John Bidwell alikuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo waliofika California kwa nchi kavu kutoka mashariki mwa Marekani. Alizaliwa Agosti 5, 1819, katika wilaya ya Chautauqua, jimbo la New York. Kiu ya elimu ilimfanya, akiwa na miaka 17, atembee takriban maili 300 hadi shule ya Kingsville, Ohio, ambayo baadaye aliiongoza. Kutoka hapo alihamia Missouri kufundisha, lakini kipande cha ardhi alichojitwalia huko kikavamiwa na mtu mwingine.

Mei 1841 alisaidia kuandaa msafara wa magari ya kukokotwa na wanyama kuelekea magharibi. Njia haikujulikana vizuri. Magari yaliachwa jangwani, na wasafiri wakavuka milima ya Sierra Nevada kwa miguu na kufika California mwezi Novemba. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Mexico. Bidwell aliajiriwa na John Sutter, mmiliki wa mashamba makubwa.

Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, Bidwell aliipata pia katika Mto Feather. Wengi walitapanya walichochimba. Yeye alinunua Rancho del Arroyo Chico, shamba la zaidi ya ekari 20,000. Alilima ngano na kupanda matunda ya aina nyingi, na mwaka 1878 ngano yake ilishinda medali ya dhahabu katika maonyesho ya Paris. Mwaka 1860 alianzisha mji wa Chico.

Utajiri huo ulitokana na ardhi ya asili ya Wamechoopda, kabila la wenyeji wa eneo hilo, ambao wengi wao walibaki shambani kama vibarua wake. Bidwell aliwalipa ujira na kuwakinga dhidi ya mashambulizi ya walowezi wengine, lakini waliishi kwa hisani yake katika nchi iliyokuwa yao.

Katika siasa, alikuwa seneta wa jimbo katika bunge la kwanza la California. Alihudumu katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1865 hadi 1867, akiwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo. Huko Washington alikutana na Annie Kennedy, wakaoana mwaka 1868. Wote wawili walipinga pombe, na Bidwell akang'oa mizabibu ya mvinyo shambani kwake. Mwaka 1892 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha kupiga marufuku pombe. Alishindwa, lakini alipata takriban kura 270,000, idadi ambayo hakuna mgombea mwingine wa chama hicho aliyewahi kuifikia.

Mwaka 1887 bunge la California liliidhinisha chuo cha walimu kaskazini mwa jimbo, na miji ikashindana kukipata. Bidwell alitoa ekari 8 za bustani yake ya micheri, na Chico ikachaguliwa. Chuo kilifunguliwa mwaka 1889. Bidwell alifariki Aprili 4, 1900, akiwa na miaka 80. Miaka mitano baadaye, Annie aliupa mji eneo ambalo sasa ni Bustani ya Bidwell.

Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Chico. Nao Wamechoopda, baada ya kufutiwa hadhi ya kabila na serikali ya Marekani, walirejeshewa hadhi hiyo mwaka 1992.