Kutafuta Mwelekeo wa Redio kwa Antena ya Kitanzi

Antena ya kitanzi ni waya uliozungushwa mara kadhaa kwenye fremu. Ukingo wake ukielekea mtambo unaorusha mawimbi, sauti husikika kwa nguvu. Kitanzi kikigeuzwa hadi uso wake ukabili mtambo, sauti hufifia na kutoweka. Wapimaji walitafuta ukimya huo. Karibu na kilele, sauti hubadilika kidogo mno hata sikio lisitambue, ilhali ukimya huja ghafla, ndani ya digrii chache tu.

Kitanzi kikubwa ni kigumu kuzungusha. Mwaka 1907 Waitalia Ettore Bellini na Alessandro Tosi walisimamisha vitanzi viwili vilivyokatana kwa pembe mraba, kikabaki cha kuzungushwa koili ndogo tu mezani.

Thamani ya kutafuta mwelekeo kwa redio ilionekana mwishoni mwa Mei 1916. Vituo vya Uingereza vilivyoongozwa na mhandisi H. J. Round viligundua kwamba meli ya Kijerumani ilikuwa imesogea, kwa badiliko la mwelekeo la takriban digrii 1.5. Ni usahihi wa kustaajabisha kwa vifaa vya wakati ule, na ulisaidia kuwatahadharisha Waingereza kabla ya mapigano ya baharini ya Jutland.

Kitanzi peke yake hakionyeshi kama mtambo uko mbele au nyuma. Antena ya wima iliyoongezwa iliondoa utata huo. Usiku ulikuwa tatizo zito zaidi, kwani mawimbi yaliyorudi kutoka angani yalipotosha vipimo. Mwaka 1919 Mwingereza Frank Adcock alipata hataza ya mfumo wa antena nne za wima badala ya vitanzi, uliopunguza upotoshaji huo, na mfumo huo ulitumika sana katika Vita Kuu ya Pili.