hapa (katika mtandao wa kiigizi)

Kielezi cha mahali. Maana yake humfuata msemaji: aliyeko Muleba akimpigia simu nduguye wa Bukoba na kumwambia "njoo hapa", safari ni ya Muleba. Anwani 127.0.0.1 ni "hapa" ya namna hiyo. Ndani ya kiigizi cha simu ya Android humaanisha kiigizi chenyewe, wala si kompyuta inayokibeba; ndiyo maana programu huikosa seva iliyo kwenye kompyuta ile ile, na mwanafunzi akalilaumu bando lake bure. Kompyuta mwenyeji hufikiwa kwa 10.0.2.2. Tafsiri "mwenyeji wa hapa" naiona inapotosha: hapa pa nani? Afadhali "anwani ya kujirejelea".