Mfumo wa Mawakala Wengi: Uratibu na Mawasiliano

Mfumo wa mawakala wengi ni mkusanyiko wa watendaji, wawe programu za kompyuta, roboti au mitambo, ambao kila mmoja hupima hali inayomzunguka na kujiamulia la kufanya, ingawa kazi yao haikamiliki mpaka vitendo vyao vipatane. Upatanifu huo ndio uitwao uratibu. Wengi hudhani kwamba hauwezekani pasipo wakala mmoja kusema na mwenzake, lakini vichuguu vya mchwa vya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, virefu kuliko kimo cha mtu, vinaonyesha vingine. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ufaransa, Pierre-Paul Grassé, alieleza kwamba mchwa hawaagizani: donge la udongo lililowekwa na mmoja humchochea mwingine aweke lake juu yake. Mawasiliano hayo, yanayopitia alama zilizoachwa katika mazingira, aliyaita stigmejia.

Mfano wa mitambo inayopatana vivyo hivyo, bila kuagizana, unapatikana katika mto Lufira, karibu na mji wa Likasi, ambako kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930 na kile cha Koni kikafuata mwaka 1950, vyote kwa ajili ya migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Jenereta za gridi moja huzunguka kwa mwendo uliofungamana, zikitoa umeme wa hertz 50. Mzigo unapoongezeka, zote hupungua kasi kwa pamoja, na kidhibiti mwendo cha kila moja hufungulia maji zaidi bila kuuliza popote. Hata hivyo, vidhibiti viwili vikishikilia hertz 50 kamili, tofauti ndogo ya vipimo vyao huvifanya vivutane, kimoja kikielemewa na mzigo huku kingine kikiuachia. Dawa yake ni mteremko, yaani kila kidhibiti huachwa kikubali upungufu mdogo wa kasi kwa kadiri ya mzigo wake, ndipo mzigo ukagawanyika sawia. Wahandisi walikuwa na mbinu hii miaka mingi kabla somo la mawakala halijapata jina, na wanastahili kutajwa katika historia yake.

Ishara kama hiyo ya kasi ya pamoja ni ya haraka, ila haibebi ahadi wala ombi. Kwa ajili hiyo mtaalamu wa kompyuta Reid G. Smith alitoa mwaka 1980 itifaki ya mikataba, ambamo wakala mwenye kazi huitangaza, wenzake huleta zabuni, naye humkabidhi anayefaa. Na shirika la viwango vya mawakala la FIPA, lililoundwa mwaka 1996, lilisanifisha jumbe kwa kufuata nadharia ya vitendo vya usemi ya wanafalsafa John Austin na John Searle, isemayo kwamba kusema ni kutenda, ili kuarifu, kuomba, kukubali na kukataa visichanganywe.

Vituo vya Lufira vinahitaji njia zote mbili, ishara na ujumbe. Koni iko chini ya Mwadingusha na huendeshwa kwa maji yaleyale, lakini hertz 50 haziwezi kuieleza ni maji kiasi gani yamebaki katika ziwa Tshangalele, nyuma ya bwawa la Mwadingusha. Habari hiyo haina budi kutumwa kwa ujumbe.