Mmang'ati wa Kwenye Televisheni na Jina Asilojipa

Leo tunaweka pembeni hina na mitindo, tuzungumze juu ya kicheko. Nyumba nyingi za kwetu baada ya Isha hukaa mbele ya televisheni, na mizaha ya huko hutufuata mpaka kwenye harusi zetu.

Wahusika wa vichekesho vile tunawajua sote. Yupo Mpemba wa dukani, bahili, na lafudhi imevutwa mpaka basi. Yupo na mlinzi wa usiku, kavaa rubega, fimbo mkononi, Kiswahili kinampiga chenga. Huyu mara ataitwa Mmasai, mara Mmang'ati, na anayeigiza hajali ni yupi. Akichezwa Mpemba tunakunja uso. Akichezwa Mmang'ati tunacheka. Basi tumjue tunayemcheka.

Kwao ni mkoa wa Manyara, chini ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Wenyewe ni Wadatoga, na wengi wa Hanang ni Wabarabaig. Jirani zao wa Mbulu ni Wairaqw, ambao wengi wetu tunawaita Wambulu. Neno Mang'ati limetoka kwa Wamasai, waliopigana na Wadatoga kwa miaka mingi, na maana yake ni adui. Wageni wakalipokea, likaingia katika Kiswahili chetu. Kwa hiyo watu hawa wanaitwa kwa jina walilopewa na waliokuwa wakipigana nao.

Jina kama hilo lina madhara. Wakati wa Mwingereza, mmoja akiua kwa mkuki, Wabarabaig wengi walitozwa ng'ombe kwa pamoja, wasiohusika nao wakalipa. Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali la NAFCO likisaidiwa na Kanada lililima ngano Hanang kwenye mashamba yaliyofikia kiasi cha ekari 100,000. Hayo yalikuwa malisho yao, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Hatusemi ardhi ilichukuliwa na mzaha. Tunasema mtu aliyezoeleka kuonekana mshamba au mkatili, akilia kuwa ameonewa, wachache watamsikiliza.

Televisheni ya ITV ilipoanza Bara mwaka 1994, mzaha huu ulikuwa tayari uko midomoni mwa watu. Ulipata picha tu. Na si kila mzaha ni mbaya. Wasanii wa Ze Comedy, waliokuja kuwa Orijino Komedi, walipendwa kwa kuwaigiza viongozi na wanamuziki. Waziri akiigizwa ana kipaza sauti chake, atajibu. Mchungaji wa Hanang atajibia wapi?

Wala tusidhani ni sisi tu. Uingereza walikuwa na Mind Your Language, iliyoanza mwaka 1977, darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, kila taifa na kituko chake. Watazamaji walikuwa wengi, lakini mkubwa mmoja wa kituo aliisimamisha kwa kuona inawadhalilisha watu.

Tuje kwenye lafudhi. Kidatoga na Kiiraqw si lugha za Kibantu kama Kiswahili. Mtu wa huko anayezungumza Kiswahili amevuka safari ndefu kuliko Mnyamwezi au Mzaramo. Sisi wenyewe tunajua tulivyohangaika na makhraji ya herufi za Kiarabu chuoni, na hakuna aliyetufanya kichekesho cha taifa.

Na sisi tunaoshona nguo za maharusi lazima tuseme juu ya vazi. Ile ngozi inayochekwa, kwa mwanamke wa Kidatoga ni hanang'weanda, sketi ya ngozi yenye vipande vyembamba vinavyoning'inia, anayoivaa kwa kuwa ameolewa. Ni vazi la heshima, na mume hana ruhusa ya kulidharau. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao, na mwanamme aliyewakosea wanaweza kumtoza ng'ombe. Hilo hatujaliona kwenye kichekesho hata kimoja.

Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharau watu wengine, ikawataja wanawake kwa wanawake wenzao, ikakataza na kuitana majina mabaya. Mwenye kuchekwa huenda akawa bora kuliko mwenye kucheka.

Bibi harusi mtarajiwa, ukikaa na mshereheshaji wako kupanga ratiba, mwambie mapema kwamba mizaha ya makabila hutaki. Siku hizi tunaozana na Bara, na upande wa pili wa ukumbi anaweza kuwepo mama aliyetoka Katesh au Dongobesh, amesafiri siku mbili kuja kumuoza mwanawe. Asifike kwetu akasikia anaitwa adui na watu wanapiga makofi. Na watoto wakiuliza nyumbani yule mlinzi wa kwenye televisheni ni nani, tuwaambie ni Mdatoga, kwao ni Hanang.